Magogo Saba ya Jerusha Tilton

Wanaume walipofika zizini kumchukua, Jerusha Tilton alikuwa macho, anakamua ng'ombe huku meno yameumana. Hakuwa amelala. Kuna hasira za kulala nazo na kuna hasira za kukesha nazo, na hizi zake zilikuwa za kukesha. Ng'ombe mwenyewe, mnyama mpole ambaye hajawahi kumdhuru hata inzi, alikuwa ameshapiga ndoo teke kwa jinsi alivyovutwa chuchu asubuhi ile.

"Bi Jerusha," sauti iliita mlangoni. "Usishtuke. Ni sisi."

Alikuwa Enoch Sawtelle, mhunzi wa kijiji chetu cha Chilbury, na nyuma yake kulikuwa na wanaume wengine kumi na kitu. Wote walikuwa wamejipaka masizi usoni mpaka kwenye nyusi, wasitambulike.

"Nishtuke nini, Enoch? Tumbo hilo nalijua hata ulipake masizi nalo."

Wenzake wakacheka. Enoch hakucheka. Alivua kofia, akaikunja mikononi.

"Yupo," alisema. "Amefika jana jioni na hati za Gavana. Yuko nyumba ya wageni, chumba cha juu, anakoroma. Leo anakuja kuyachukua magogo, yako na yetu. Tumekubaliana kila mtu ampige fimbo kwa hesabu ya magogo yake. Gogo moja, fimbo moja. Hakuna wa kumpigia mwenzake. Sasa wewe una saba, umetupita wote, na Reuben hayupo. Ndiyo tumekuja kuuliza, za kwako atapiga nani?"

Jerusha alinyanyuka, akajifuta mikono kwenye aproni. Huyo waliyekuwa wanamzungumzia, huyo mwenye hati za Gavana, alikuwa Lemuel, mdogo wake wa tumbo moja.

"Nitapiga mwenyewe," alisema.

Hapa inafaa nieleze, maana mtu asiyeishi kwetu New Hampshire anaweza kudhani tulikuwa wahuni tu tunaopenda kupiga watu. Sheria ya Mfalme wa Uingereza, aliyetutawala wakati ule, ilisema msonobari mweupe ukishanenepa si wako tena. Uwe umeota katikati ya shamba lako, uwe umeegemea jiko lako, ni wa Mfalme, wa kutengenezea milingoti ya meli zake za vita. Mtu wake anakuja na shoka, anaupiga mara tatu: pigo moja la wima na mawili ya mshazari yanayokutana juu. Huo ndio mshale. Ukiugusa mti wenye mshale, umemwibia Mfalme. Na kama umeshaukata kabla hajafika, mshale anaupiga kwenye gogo, halafu unalipa faini, na gogo linakwenda. Mfalme mwenyewe hajawahi kukanyaga huku. Hajui utomvu unavyonata kwenye kiganja, wala hajawahi kulala Januari kwenye nyumba yenye nyufa. Lakini mti ni wake! Mwenye shamba akitaka sakafu, ajenge kwa vijiti.

Kwa hiyo sote tulidanganya, na sioni haya kulisema. Mbao za sakafu tulizipasua ziwe nyembamba kidogo kuliko kipimo cha sheria, na zile pana, ambazo zingetaja wazi zimetoka kwenye mti wa Mfalme, tukazificha darini chini ya magunia ya mahindi, maana mkaguzi mwenye viatu vizuri hapandi ngazi ya dari.

Nyumba ya Jerusha iliungua katikati ya majira ya baridi, na mumewe Reuben alikuwa ameshakufa kwa homa. Yeye na bintiye Dorcas walihamia zizini, wakalala kwenye majani makavu ubavuni mwa ng'ombe kwa ajili ya joto lake. Kikohozi kikampata Dorcas, kikawa hakiondoki. Kila akikohoa, Jerusha alisikia kama mtu anampasua kifua yeye. Hakuomba makubwa. Alitaka sakafu ya mbao, kuta za mbao na dari, vyote viwe vimesimama kabla theluji haijarudi, basi.

Nyuma ya shamba alilorithi kwa baba yake kuna korongo tunaloliita Korongo la Dubu, na ndani ya korongo ilikuwapo misonobari saba ambayo hakuna mkaguzi aliyewahi kuiona. Jerusha na Dorcas waliiangusha kwa mikono yao. Mtu mmoja tu aliwasaidia, Kapteni Asa Fifield, mwenye kinu cha kupasulia mbao na mkuu wa wanamgambo wetu. Alileta maksai wake mwenyewe, bila kibarua, kwa sababu alisema vibarua wana midomo. Aliyavuta magogo mpaka ukingoni mwa kijito, wakayafunika kwa matawi, yangoje maji ya majira ya kuchipua yayabebe hadi kinuni.

"Hili ni kati yangu na wewe na Mungu," Kapteni alimwambia. Jerusha alimshika mkono akalia.

Theluji ilipoyeyuka, Lemuel, aliyekuwa ameajiriwa kukagua miti ya Mfalme, akaja na watu wawili wa Gavana. Hakuzunguka wala hakuuliza mtu. Alikwenda moja kwa moja mpaka Korongo la Dubu, akafunua matawi, akapiga mshale kwenye kila gogo. Dorcas alimwona mjomba wake kwa macho yake, akarudi zizini anakohoa na kulia pamoja.

Sasa fikiri. Lemuel alifiwa na mama angali anajikojolea, na Jerusha ndiye aliyembeba mgongoni, akamtafunia nyama, akamfundisha kusoma Zaburi. Na mahali walipokuwa wakijificha baba alipolewa ni kule kule korongoni. Nani mwingine upande wa Gavana alilijua? Jerusha alipokwenda kwa Kapteni kulia, Kapteni alimpokea jikoni, akamkalisha karibu na moto, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Inauma, Bi Jerusha. Mtoto uliyemlea mwenyewe."

Maneno hayo ndiyo aliyotembea nayo asubuhi ile kuelekea nyumba ya wageni, mbele ya wanaume wenye masizi. Njiani alivunja ufito wa mti, akaupukuta majani, akaujaribu hewani. Ulilia vizuri.

"Kapteni yuko wapi?" aliuliza.

"Kiuno," alijibu Enoch. "Kimemkamata tangu jana. Katuletea pipa la ramu na baraka zake."

"Kiuno kinajua kuchagua siku," mmoja alisema nyuma, na wengine wakamnyamazisha.

Lemuel walimtoa kitandani na shati lake la kulalia, miguu mitupu. Watu wanne walimshika, mikono miwili miwili, wakamlaza kifudifudi juu ya benchi la uani. Wengine walikwenda bandani wakamkata farasi wake mkia na manyoya ya shingo, wakamchana na masikio, eti aibu imfuate njia nzima. Hilo mpaka leo nalikasirikia. Farasi alikuwa amepiga mshale kwenye gogo la nani?

"Muulize Mfalme kama anakuja kukushikia mkono!" walipiga kelele. "Mwambie mlingoti wake huu hapa!"

Walimpiga mmoja mmoja, na waliheshimu hesabu. Mwenye gogo moja alipiga moja akarudisha ufito. Enoch alikuwa na matatu, akapiga matatu, na mkono wa mhunzi si mkono wa mshona nguo. Shati likaanza kushika damu. Lemuel alilia kwenye fimbo za mwanzo kama mtu yeyote angelia. Kisha akageuza shingo, akaona aproni ya dada yake na ufito mkononi mwake. Akaacha kulia.

"Dada," alisema tu.

"Mimi si dada yako. Dada yako analala na ng'ombe."

Akapiga. Wanaume waliacha kelele. Kumwona mhunzi akipiga ni jambo moja, kumwona Jerusha Tilton ni jambo jingine, na wengine walitazama chini.

"Hili la sakafu," alisema. Akapiga la pili. "Hili la kuta." La tatu hakulisemea kitu, lilitoka tu. Na bado yule kijana hakutoa sauti, akang'ata ubao wa benchi, na ukimya ule ukamtia Jerusha wazimu. Angeomba msamaha! Angelia! Angesema basi hata uongo! La nne alilipiga kwa mikono miwili.

"Korongo la Dubu!" alimpigia kelele. "Mahali pangu na pako! Nilikuwa nakuziba mdomo kwa kiganja changu usisikike na baba, na wewe ukawapeleka wale mbwa pale pale! Hukuwa na mahali pengine pa kuwauzia?"

Lemuel aligeuza uso. Midomo ilikuwa na damu ya kujing'ata.

"Nimelipita mara tatu," alisema.

"Umepita nini?"

"Korongo. Tangu nipewe kazi hii. Nilikuwa nawaambia pale ni kinamasi, hapapitiki, farasi atazama. Kwenye ramani yangu nimechora kinamasi. Safari hii mtu alinikatisha mbele ya wale wawili. Akasema, kinamasi gani, mimi nimepita pale na maksai wangu."

Kijijini mwenye maksai wa kuvuta magogo alikuwa mmoja tu.

"Mwongo," mtu alisema. "Anamsingizia Kapteni."

"Tulikwenda kukagua nyumba yake," Lemuel aliendelea, sauti inakatika. Alimtazama dada yake tu. "Wakafunua zulia sebuleni. Sakafu nzima ni mbao pana, mpya, hazijapigwa hata nta. Ingekuwa faini ya kumfilisi. Akasema, acheni hizi, nitawapa magogo saba. Wale wakakubali. Mimi nikapewa shoka nipige."

"Na ukapiga."

"Nikapiga." Alifumba macho. "Hilo ni langu, silikatai."

"Mbona hukusema? Mwezi mzima!"

"Kwako? Ningesema ungeniamini?"

Jibu Jerusha alilijua. Kapteni ndiye aliyeleta maksai. Kapteni ndiye aliyekuwa akisimama kanisani kila mkutano wa kijiji, mkono kifuani, akiunguruma kwamba mali ya mtu haiguswi bila ridhaa yake, si na Mfalme, si na Bunge, si na malaika. Watu walikuwa wanalia akisema hivyo. Jerusha mwenyewe alikuwa amelia. Na sasa alikumbuka kuwa siku ile alipokwenda kwake, yeye mwanamke aliyezoea kuingia sebuleni kwa mke wa Kapteni na sufu yake ya kusokota, alipelekwa jikoni.

"Enoch," alisema polepole. "Lile zulia. Umelikanyaga?"

Enoch alijikuna shingo, masizi yakamwachia michirizi. "Hapana. Tangu mwaka mpya hatupokelewi sebuleni. Mkewe anasema miguu yetu ina matope."

"Nilidhani ni mimi tu," mwingine alisema.

"Na mimi."

Nyumba ya Kapteni iko ng'ambo ya barabara, inatazamana na nyumba ya wageni, nyumba nzuri yenye vioo. Pazia la juu lilikuwa limefunguliwa kidogo. Lilipoona watu wanaligeukia, likajifunga.

Jerusha alitupa ufito chini. Ukutani palikuwa na mkoba wa Lemuel walioutoa chumbani, na juu yake shoka fupi, shoka la kazi ya Mfalme. Alilichukua akavuka barabara. Wanaume walitazamana, kisha wakamfuata, na hakuna aliyekuwa anacheka tena.

Kapteni Fifield alifungua mlango mwenyewe, kofia ya kulalia kichwani, mkono mmoja kiunoni kama aliyekumbuka ghafla kwamba kinauma.

"Bi Jerusha! Imekwishafanyika? Mungu awabariki nyote. Ni siku ya watu huru, leo."

"Nipishe, Kapteni."

"Karibu jikoni, mama, kuna moto."

"Nimechoka na jikoni."

Alimpita begani. Kapteni alikuwa mtu mkubwa, ila hakuwa amejiandaa kupitwa na mjane. Sebuleni palikuwa na zulia jekundu lililofika kuta zote nne, na meza juu yake, na seti ya vikombe. Jerusha aliisukuma meza. Vikombe vikaanguka, vikavunjika. Akalibana shoka kwapani, akashika pembe ya zulia kwa mikono miwili, mikono iliyoangusha misonobari, akalivuta mpaka mlangoni.

Jamani, zilikuwa mbao! Pana kama mlango, nyeupe, safi, hazina hata jicho la tawi, zimelala ubavu kwa ubavu kutoka ukuta mpaka ukuta. Dorcas angeweza kulala juu ya ubao mmoja akajigeuza asiguse wa pili. Wanaume walijaa mlangoni na kwenye madirisha, masizi yao usoni, wakazitazama kama watu waliokuta maiti.

"Nisikilizeni," alisema Kapteni. "Mambo haya yana siasa yake. Mimi nikifungwa, nani atawaongoza? Kinu kikifungwa, nani atawapasulia? Ilinibidi nichague. Nilichagua kwa ajili ya wote."

"Ulimchagua mwanangu," alisema Jerusha.

"Ningekulipa, Bi Jerusha, kidogo kidogo. Naapa."

"Mwezi mzima umenitazama machoni. Ukaniambia inauma, mtoto uliyemlea mwenyewe. Ulikuwa na ulimi wa kusema hivyo!" Alimsogelea, shoka mkononi. "Mfalme namchukia, lakini Mfalme hajawahi kunishika mkono nikalia."

"Weka hilo shoka chini, mwanamke."

"Nina magogo saba," aliwaambia wale wa mlangoni, hakumwambia yeye. "Nimepiga manne. Yamebaki matatu. Kuna anayebisha hesabu?"

"Hakuna," alisema Enoch.

Kapteni alirudi nyuma mpaka ukutani, mikono mbele ya uso. Jerusha hakumtazama. Alisimama katikati ya sebule, akainua shoka la Mfalme, akalishusha kwenye ubao mpana kuliko zote. Pigo la wima. Vipande vikaruka mpaka kwenye vikombe. Pigo la mshazari upande huu. Pigo la mshazari upande ule, likakutana na mwenzake juu.

Mshale ulikaa pale, mbichi, unatoa utomvu kidogo.

"Sasa sakafu hii si yako," alisema, anahema. "Kama ni ya Mfalme, toka nje umwite. Lemuel yupo pale na hati. Mwite aje aiandike."

Kapteni aliutazama mlango uliojaa watu. Kumwita mtu wa Gavana, mbele ya watu waliotoka kumchapa mtu wa Gavana! Hata yeye na siasa yake yote hakuwa na pa kutokea.

"Hamwiti," alisema Enoch. "Basi ina maana haina mwenyewe." Akamgeukia mmoja wa wenzake. "Kimbia kwangu ulete mtaimbo. Leta na mkokoteni."

Waling'oa sakafu ile ubao kwa ubao, misumari ikilia, mke wa Kapteni akilia chumba cha pili, na Kapteni amekaa kwenye ngazi na kofia yake ya kulalia, kiuno kimepona. Mbao zilitosha sakafu ya mjane na kuta mbili. Kuta nyingine walisema watachanga kila mtu na kilichoko darini kwake. Walikuwa wanasema kwa sauti kubwa, wanagongana, kila mmoja akitaka aonekane ametoa, maana kila mmoja alikuwa amekunywa ramu ya Kapteni na sasa ilikuwa inamkwaruza koo.

Jerusha hakusubiri. Alitoka nje na shoka lingali mkononi, amesahau kama analo.

Lemuel walikuwa wamempandisha juu ya yule farasi asiye na mkia, na vijana wachache walikuwa wanamsindikiza kwa kuzomea kuelekea barabara ya Portsmouth, mji wa Gavana. Shati lake la kulalia lilikuwa limegandamana na mgongo. Jerusha alianza kukimbia. Alikimbia na aproni yake, na viatu vyake vya zizini, akiita jina lake. Alitaka kumshusha amwoshe mgongo, kisha amtukane vizuri, kama dada anavyomtukana ndugu, halafu ampe maziwa. Aliwapita vijana, akashika hatamu.

"Lemuel."

Lemuel aligeuka. Akaona shoka, na ule mkono ulioshika shoka. Mwili wake wote ukajikunja juu ya tandiko, na mkono wake ukaja juu kuficha uso, kiwiko mbele, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo na baba akiingia mlangoni amelewa.

"Najua," alisema nyuma ya kiwiko. "Zimebaki tatu."

Jerusha aliachia shoka likaanguka matopeni. Alitaka kumwambia kwamba hazikubaki, kwamba zile tatu amezimaliza ng'ambo ya barabara, penye haki yake. Zilizotoka bure ni zile nne. Lakini kabla hajafungua mdomo, farasi, aliyeumizwa masikio na asiyetaka tena mkono wa mtu karibu na kichwa chake, alijivuta, hatamu ikamponyoka Jerusha.

Alisimama barabarani mpaka ndugu yake alipopotea kwenye miti. Nyuma yake mkokoteni wa mbao ulikuwa unakuja, na Enoch alikuwa anamwita aje aonyeshe pa kuzishusha.